Gari la Kabureta Linapogoma Kuwaka Asubuhi ya Baridi

Katika nyanda za juu kama Njombe, Makete na Mufindi, na upande wa Kenya huko Limuru na Nyahururu, pikapu za Toyota Hilux za miaka ya 1980 zenye injini ya petroli ya 22R au 3Y bado zinabeba viazi, mbao na mbolea. Mchana zinafanya kazi bila taabu, lakini kati ya Juni na Agosti, ukungu unapotanda alfajiri na umande ukalala juu ya boneti, nyingi huwa ngumu kuwaka. Kinachofuata mara nyingi ni kwamba fundi anaitwa, anafungua kabureta yote (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), anaiosha kwa petroli, anairudisha, na kesho yake tatizo liko palepale. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukifikia chanzo kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kabureta, kwa sababu katika magari ya umri huu kabureta hulaumiwa kwa makosa mengi ambayo si yake, na hata pale kasoro inapokuwa ndani yake, kwa kawaida huwa mahali pamoja tu ambapo pangeweza kurekebishwa bila kuibomoa nzima.

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini iliyokwisha kupata moto huridhika na mchanganyiko unaokaribia sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Injini ikiwa baridi, petroli nyingi inayotoka kwenye kabureta hushindwa kugeuka mvuke na hubaki matone yanayonata kwenye kuta za manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda), hivyo hewa inayofika kwenye silinda huwa na mafuta machache mno ya kushika moto. Kazi ya choki ni kuziba njia ya hewa kwa muda ili petroli ivutwe kwa wingi, na katika wingi huo upatikane mvuke wa kutosha.

Kwa wakazi wa milimani kuna jambo la pili ambalo watu wa pwani hawana haja ya kulifikiria. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takribani asilimia 18 kuliko ilivyo Dar es Salaam au Mombasa, wakati kabureta haina uwezo wa kujua kwamba imehama, na kwa hiyo petroli inayoitoa haipungui kwa kiasi kilekile. Gari lililorekebishwa pwani likipandishwa Makete litakuwa na mafuta mengi kupita kiasi, na injini hiyohiyo inayohitaji choki katika sekunde chache za mwanzo inaweza kuzama kwenye mafuta kabla dakika haijaisha. Ndiyo maana ushauri wa jumla wa "vuta choki, piga stata mpaka iwake" huharibu zaidi ya kusaidia huku juu.

Kwanza hakikisha gari linawashwa inavyopasa

Kwa gari lenye choki ya kuvuta kwa mkono, vuta choki yote, kanyaga mafuta mara moja ikiwa baridi ni kali, kisha ondoa mguu na upige stata kwa muda usiozidi sekunde 10. Isipowaka, subiri nusu dakika ili betri na stata vipumzike, halafu urudie. Injini ikishika, rudisha choki kidogo kidogo kadiri mngurumo unavyotulia, wala usiiache imevutwa kwa umbali mrefu, kwa kuwa petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Gari lenye choki ya kujiendesha lenyewe linahitaji ukanyage mafuta hadi chini mara moja kabla ya kupiga stata, kisha uachie. Kitendo hicho ndicho kinachoiruhusu choki kujifunga na kuweka kasi ya juu ya kuanzia. Dereva aliyezoea magari ya kisasa huruka hatua hii, halafu gari linapelekwa gereji likiwa halina ubovu wowote.

Kila unapokanyaga mafuta, pampu ndogo iliyomo ndani ya kabureta hurusha petroli mbichi kwenye koo lake, hata kama injini haizunguki. Mtu anayekanyaga mara nyingi mfululizo huku anapiga stata anamwaga mafuta, na baada ya hapo haitawezekana kujua kama gari lilikuwa na tatizo au amelitengeneza yeye.

Betri nayo isisahaulike. Betri nzima iliyopumzika usiku husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji, na nusu hiyo asubuhi ya baridi ni dhaifu kuliko nusu ya mchana. Weka mita kwenye vichwa vya betri wakati msaidizi anapiga stata: volti zikishuka chini ya 9.6, koili, inayotengeneza umeme mkali wa cheche, haipati umeme wa kutosha, na cheche itakuwa hafifu hata kama injini inaonekana kuzunguka. Kabla ya kununua betri mpya, fungua na ukwangue waya mzito unaounganisha injini na chesisi. Katika pikapu zilizokaa kwenye matope na mbolea, waya huo huliwa na kutu kwa ndani bila kuonekana kwa nje.

Plagi ndiyo shahidi

Baada ya majaribio mawili au matatu yaliyoshindwa, usiendelee kupiga stata. Fungua plagi moja, ile iliyo rahisi kufikika, uitazame na kuinusa. Plagi iliyolowa petroli inakuambia kwamba mafuta yanafika, pengine kwa wingi uliopita kiasi, au kwamba cheche haipo. Plagi kavu isiyo na harufu inakuambia kwamba mafuta hayafiki. Hatua hii haichukui muda mrefu, na inaamua uelekee wapi. Anayeiruka atabahatisha mpaka jioni.

Plagi ikiwa mbichi, jaribu cheche kwanza. Ivalishe waya wake, igusishe sehemu ya chuma isiyo na rangi kwenye injini, mbali na tundu la plagi ulikoifungua na mbali na petroli yoyote iliyomwagika, kisha msaidizi apige stata. Cheche nzuri ni ya bluu na ina mlio mkavu. Ya njano au nyekundu isiyo na mlio haitaweza kuwasha mchanganyiko wa baridi. Katika asubuhi zenye ukungu mkosaji wa kwanza ni unyevu ndani ya kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi). Kifungue, kifute kwa kitambaa kikavu, na ukitazame kwenye mwanga: ufa mwembamba wenye mstari mweusi wa kaboni ni njia ya umeme kutorokea, na kifuniko chenye ufa kama huo hubadilishwa, hakigundishwi. Kwenye distribyuta za Toyota zenye platini (kidude kinachofunga na kukata umeme wa koili), nafasi ya platini ni milimita 0.45, na nafasi ya plagi ni milimita 0.8. Plagi ikiwa imepanuka hadi milimita 1.1 kwa kuchakaa, gari litawaka mchana na kugoma alfajiri, kwa sababu cheche inatakiwa kuruka mbali zaidi wakati ambapo umeme ni mdogo zaidi.

Mafuta yasipofika

Plagi ikiwa kavu, zima kila chenye moto karibu, toa kifuniko cha chujio la hewa na uangalie ndani ya koo la kabureta huku injini imezimwa. Sogeza kwa mkono wenzo wa chuma unaovutwa na pedali ya mafuta. Petroli inapaswa kurushwa kwa mkondo mwembamba, mara moja na kwa nguvu. Ikirushwa, bakuli la kabureta (chumba chake kidogo cha kuwekea petroli) lina mafuta, na utafute kasoro kwenye choki. Isiporushwa, ama bakuli ni tupu ama ile pampu ndogo imechakaa. Kabureta za Aisin zilizofungwa kwenye injini hizi zina dirisha dogo la kioo ubavuni mwa bakuli, na usawa wa petroli unapaswa kuonekana karibu na katikati yake. Watu wengi wamemiliki Hilux kwa miaka bila kujua dirisha hilo lipo, kwa kuwa limefunikwa na vumbi na oili. Futa kwa kitambaa utaliona.

Bakuli likiwa tupu asubuhi, wakati jioni gari lilizimwa likiwa zima, yamkini petroli imerudi kwenye tanki kupitia vali isiyoziba vizuri ya pampu ya mafuta (ile inayovuta petroli kutoka kwenye tanki), au inavuja mahali fulani kwenye paipu. Kuijaribu pampu, chomoa waya wa chanya kwenye koili ili injini isiwake, funika ncha ya waya huo kwa tepu, elekeza paipu inayoingia kwenye kabureta ndani ya chupa, kisha msaidizi apige stata. Petroli inapaswa kutoka kwa mapigo yenye nguvu. Ikichuruzika, badilisha chujio la mafuta kwanza kwa sababu ni la bei ndogo, kagua mpira unaounganisha bomba la tanki na pampu, kwa kuwa mpira uliopasuka huvuta hewa bila kudondosha tone, halafu ndipo uihukumu pampu. Fungua pia kifuniko cha tanki na urudie jaribio. Nguvu ikirejea, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba.

Ubora wa petroli yenyewe una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Sehemu nyepesi za petroli, ambazo ndizo zinazogeuka mvuke kwenye baridi, ndizo pia zinazotoroka kwanza inapohifadhiwa. Petroli iliyokaa miezi kwenye dumu la plastiki juani itaendesha injini iliyopata moto, lakini haitaiwasha iliyo baridi. Kwa gari lililoegeshwa muda mrefu, kumimina petroli mpya ni jaribio la haki kabla ya kufungua chochote.

Choki na vinavyoizunguka

Huku ndiko kwenye chanzo cha matatizo mengi ya kuwaka kwa baridi, na ajabu ni kwamba ndiko kunakoangaliwa mwisho. Vuta choki hadi mwisho na utazame kipepeo chake kwenye mdomo wa kabureta: lazima kizibe kabisa. Kikibaki na upenyo wa milimita tatu au nne, injini haipati utajiri wa mafuta inaouhitaji. Sababu huwa ni waya uliolegea kwenye skrubu yake, au ganda la waya lililoteleza kutoka kwenye kishikio, au uchafu mgumu kwenye mhimili wa kipepeo. Legeza skrubu, funga kipepeo kwa kidole, vuta waya ukaze, kisha hakikisha kwamba unaporudisha choki kipepeo kinasimama wima kabisa, kwa sababu kipepeo kinachobaki kimelala nusu kitakunywisha gari mafuta mwaka mzima. Mhimili uoshwe kwa dawa ya kusafishia kabureta, usipakwe grisi, kwani grisi hukusanya vumbi na baada ya wiki chache ugumu hurudi.

Kuna kifaa kidogo chenye dayafram (utando mwembamba), kilichounganishwa na manifoldi kwa mpira mwembamba, ambacho kazi yake ni kukivuta kipepeo cha choki kifunguke kidogo mara tu injini inaposhika. Dayafram ikitoboka, gari huwaka vizuri, hunguruma sekunde chache, hutoa moshi mweusi, kisha huzima, na ukilijaribu tena utaona plagi zimelowa. Chomoa mpira huo na uvute hewa kwa mdomo: fimbo inapaswa kusogea na kubaki ilipo maadamu ulimi wako umeziba tundu. Magari mengi nimeyakuta mpira huu umezibwa kwa skrubu, kazi ya fundi aliyekuwa akitafuta mvujo wa hewa na akaona ni rahisi kuziba kila alichokikuta. Kurudisha mirija mahali pake kwa kufuata mchoro ulio chini ya boneti, kama bado unasomeka, ni kazi ya kuchosha lakini yenye faida kuliko kununua kabureta mpya ya bei nafuu ambayo jeti zake (vitundu vya shaba vinavyopima petroli) hazilingani na injini yako.

Choki ikivutwa, kamu ndogo inapaswa pia kukifungua kidogo kipepeo cha chini, kile kinachoendeshwa na pedali ya mafuta, ili injini ianze kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida. Gari linalowaka kwa choki lakini likawa linazima usipolikanyagia mafuta huwa limepoteza marekebisho hayo.

Injini ikizama kwenye mafuta

Plagi zikiwa zimelowa, cheche ipo, na harufu ya petroli imejaa chini ya boneti, rudisha choki yote, kanyaga pedali ya mafuta hadi sakafuni na uishikilie hapo bila kuipampu, kisha piga stata kwa sekunde 10. Vipepeo vyote vikiwa wazi, hewa huingia kwa wingi na kuyafukuza mafuta yaliyozidi. Kamwe usiweke uso juu ya kabureta wakati stata inapigwa. Injini iliyolowa inaweza kurudisha moto kupitia koo la kabureta, na mitungi ya kuzimia moto ya unga inayotakiwa kuwa ndani ya gari iwe karibu na mkono, si chini ya magunia.

Hali hii ikijirudia hata bila choki, tazama lile dirisha la kioo. Likiwa limejaa hadi juu, sindano inayofunga mlango wa bakuli haifungi. Gonga taratibu ubavu wa bakuli kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingine chembe ya uchafu huachia na usawa hushuka. Isiposhuka, toa kifuniko cha juu cha kabureta, kagua ncha ya sindano kama ina mstari wa kuchakaa, na utikise boya karibu na sikio lako: boya la shaba lililotoboka husikika lina petroli ndani. Halafu chomoa kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Oili yenye harufu ya petroli imekwisha kuwa nyepesi na inapaswa kumwagwa kabla ya safari yoyote, hata kama ilibadilishwa juzi.

Inawaka, lakini haikai sailensi

Gari linalonguruma kwa choki tu na kuzima unapoirudisha, hata baada ya injini kupata moto, ama njia yake ya mafuta ya sailensi (mngurumo wa injini bila kukanyagiwa mafuta) imeziba ama linavuta hewa isiyopimwa. Anza na solenoidi, vali ndogo ya umeme inayofungua njia hiyo ya mafuta, iliyo ubavuni mwa kabureta. Fungua swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wake na uurudishe. Unapaswa kusikia mlio wa "tik". Kusiposikika kitu, pima kama umeme unafika kabla ya kuilaumu solenoidi, kwani fyuzi au waya uliokatika hutoa dalili ileile.

Kwa mvujo wa hewa, sehemu ya kutilia shaka kwanza ni kipande kinene kinachokinga joto kati ya kabureta na manifoldi, ambacho kwa uzee hupasuka kwa ndani au hupinda. Injini ikiwa baridi na inanguruma, nyunyiza maji ya sabuni kuzunguka kiungo hicho. Mngurumo ukibadilika au povu likafyonzwa, umepata mvujo. Bana pia mpira mnene unaokwenda kwenye buta ya breki (kifaa kinachoongeza nguvu ya breki): injini ikitulia, hewa inaingilia huko, na hilo ni suala la usalama wa breki pia. Kukaza nati za kabureta kwa nguvu ili kuziba mvujo hupindisha msingi wake na kuligeuza tatizo la gasketi kuwa tatizo la kabureta.

Ikiwa hayo yote ni mazima na injini ni ya 22R, pima nafasi za vali. Nafasi zake injini ikiwa na moto ni milimita 0.20 kwa vali za kuingizia na 0.30 kwa za kutolea. Vali zilizobana hazifungi vizuri, na mgandamizo unaopotea hapo huonekana zaidi alfajiri. Injini ya 3Y haina marekebisho haya.

Gari linalozima baada ya kilomita chache

Kuna tatizo la nyanda za juu ambalo hutafsiriwa vibaya karibu kila mara. Gari linawaka, linaondoka, na baada ya kilomita chache kwenye ukungu linaishiwa nguvu na kuzima. Dereva anasimama, anafungua boneti, anahangaika kidogo, na baada ya dakika kama kumi linawaka kama hakuna kilichotokea. Petroli inapogeuka mvuke hufyonza joto, na koo la kabureta hupoa kiasi kwamba unyevu wa hewa huganda kuwa barafu kwenye kipepeo, hata hewa ya nje ikiwa nyuzi 10 za Selsiasi. Gari likisimama, joto la injini huiyeyusha barafu, na ushahidi unapotea kabla fundi hajafika.

Toyota iliweka kinga: mrija mwepesi wa bati unaochukua hewa ya moto juu ya manifoldi ya ekzosi na kuipeleka kwenye pua ya chujio la hewa. Mrija huo huoza, huondolewa, na hakuna anayeukumbuka kwa sababu mchana gari halionyeshi upungufu. Ukikuta tundu lake liko wazi, tafuta mrija wa kipenyo hicho hata kama ni wa gari lingine. Kwenye chujio lenye mkono wa kuchagua hewa ya moto au ya baridi, uelekeze kwenye moto kuanzia Juni, na uurudishe joto linaporejea.

Ikibidi kabureta ifunguliwe

Piga picha kila mrija kabla ya kuuchomoa. Kabla ya kuitoa skrubu ya mchanganyiko wa sailensi, ifunge taratibu hadi iguse huku ukihesabu mizunguko, uandike hesabu hiyo, kisha uitoe. Usiikaze inapogusa, kwa kuwa ncha yake huchimbika na haitarekebishika tena. Jeti ni za shaba laini. Zioshwe kwa dawa na kupulizwa kwa hewa ya kompresa, zisichokonolewe kwa waya wala sindano, kwani tundu likipanuka kidogo tu gari litakunywa mafuta daima na hakuna skrubu ya kulirudisha. Tumia gasketi mpya, na uzilinganishe tundu kwa tundu na za zamani, maana seti zinazouzwa kama za 22R mara nyingine huziba njia ya hewa ambayo kabureta yako inaihitaji.

Baada ya kufunga, acha injini ipate moto kamili, choki ikiwa imerudi yote, na urekebishe kasi ya sailensi iwe karibu mizunguko 750 kwa dakika. Zungusha skrubu ya mchanganyiko polepole hadi injini ifikie kasi yake ya juu, kisha ifunge kidogo mpaka kasi ianze kushuka, na uirudishe kwa robo mzunguko. Marekebisho haya yafanyike kwenye mwinuko ambako gari linalala. Yanagusa sailensi peke yake. Kama gari limehamia milimani moja kwa moja na bado linatoa moshi mweusi likiwa na mzigo, jeti kuu ndiyo inayohitaji kupunguzwa hatua moja, na ile ya zamani ihifadhiwe kwenye bahasha ndani ya gari kwa siku litakaposhushwa pwani.